Paka aliyevaa nyuki asigeuke chui milia

Swali: "Ninaishi Lamu na nimefuma kroshia tangu shule ya msingi: vitambaa vya meza, vya makochi na shali za watoto. Sasa nataka kufuma paka wadogo wa kujazwa pamba, waliovalishwa kama wadudu wa bustani, yaani nyuki, mdudu kibibi na kipepeo. Wengine niwauzie wageni, wengine watoto wa mtaani wachezee. Nimeanza na nyuki. Kichwa kinainama mbele, pamba inachungulia kwenye matundu, na kila anayemwona ananiambia nimefuma chui milia. Nimekosea wapi? Nguo ziwe za kuvuliwa au zishonewe mwilini? Na macho ya plastiki yanafaa?"

Jibu:

Dada yangu, nianze na chui milia. Kichwa kuinama na pamba kuchungulia ni makosa ya mkono, na mkono uliofuma miaka yote hiyo utayarekebisha upesi. Hili la chui milia ni la jicho. Usipolielewa litakufuata kwa kila mdudu utakayemfuma.

Paka mwenye mwili wa milia ya manjano na nyeusi ni chui milia, hata umtie mbawa sita. Mtu huona umbo na rangi kabla hajaona madoido. Akiona masikio ya pembe, mkia na milia, ameshaamua; vipapasio viwili vya nyuki havimbadilishi mawazo. Na kila mdudu ana mtego wake wa namna hii. Madoa ya mdudu kibibi yakikaa kwenye ngozi ya paka unapata chui mwekundu. Kipepeo mwenye mbawa nyeupe au za waridi huwa malaika. Panzi na vunjajungu, kwa sababu ya kijani, huwa vyura pale tu masikio yanapofunikwa. Kiwavi huwa nyoka aliyeotwa na masikio, na huyo hakuna mtoto wa Lamu atakayemlaza kitandani.

Dawa ni moja: mwili ubaki wa paka, mdudu awe nguo, na mahali nguo inapoishia paonekane wazi. Mimi nikipewa paka wa aina hii nimkague, hutafuta ukingo wa nguo sehemu tatu: kuzunguka uso, chini ya makwapa, na pale mkia unapotokea. Ukingo ukionekana hapo, hata mtoto atasema "paka amevaa nyuki". Usipoonekana, atataja mnyama mwingine.

Kwa hiyo paka wako mfume kwa rangi moja tulivu isiyokuwemo kwenye nguo. Kwa nyuki chagua kijivu, nyeupe au kahawia hafifu ya chai ya maziwa. Epuka manjano na rangi ya chungwa. Epuka pia nyeusi, kwa sababu mlia mweusi wa nguo utaungana na mwili mweusi na ukingo utapotea, tena macho ya nyuzi nyeusi hayataonekana kabisa. Nguo yenyewe usiifume kwa manjano ya limau na nyeusi tii. Nyuki wa kwetu hawana rangi hizo. Ni kahawia iliyokolea yenye mikanda ya rangi ya asali, kwa hiyo tumia uzi wa haradali na kahawia nzito. Utakuwa mkweli zaidi kwa nyuki, na wakati huohuo utakuwa mbali zaidi na chui milia.

Na kwa kuwa uko Lamu, mbona usimfume paka wa Lamu? Wageni huwapiga picha kutwa nzima wale paka wembamba wenye miguu mirefu na masikio makubwa wanaolala barazani na kusubiri vichwa vya samaki ufukweni. Paka mnene wa mviringo yuko kila duka la dunia. Mwenye miguu mirefu aliyevishwa mbawa ni wako.

Sasa kitambaa chenyewe. Wewe umezoea vitambaa vya meza, na uzuri wa kitambaa cha meza uko kwenye matundu yake. Huko unatumia cheni nyingi na trebo ndefu. Mwanasesere wa kujazwa hutaka kinyume chake: mshono mfupi kabisa baada ya ule wa kuteleza, uliobanwa mpaka kitambaa kiwe kigumu kidogo mkononi. Hapa majina huwachanganya wengi. Wengi wetu tulifundishwa majina ya Uingereza, lakini sehemu kubwa ya maelezo yaliyoko mtandaoni hutumia ya Marekani. Mshono ambao Mmarekani huuita singo ndio ule Mwingereza anaouita dabo, na dabo ya Mmarekani ni trebo ya Mwingereza. Ukisoma "dabo" kwenye maelezo ya Kimarekani ukafuma hivyo, utapata mishono mirefu na pamba itachungulia tu. Katika jibu hili nikisema mshono mfupi, namaanisha singo ya Kimarekani, dabo ya Kiingereza.

Kisha tazama sindano. Uzi wa unene wa kati, ule wa fulana za watoto, mara nyingi lebo yake huandika sindano ya milimita 4. Hiyo ni kwa nguo ya kuvaa, inayotakiwa kulegea na kuanguka vizuri. Kwa paka tumia 2.5. Vidole vitalalamika mwanzoni. Ukiona bado panapitisha mwanga, badilisha namna ya kuchukua uzi: ukishaingiza sindano, usizungushe uzi juu yake, bali pitisha sindano juu ya uzi kisha uuvute kutoka chini. Mshono unaotoka hivyo hufanana na herufi X badala ya V, nao hubana zaidi. Na hakikisha upande mzuri ndio ulio nje. Watu wengi, hasa wanaotoka kwenye vitambaa bapa, hufuma mviringo huku upande wa ndani umegeukia nje, na upande huo ndio wenye vijifundo vya kulala na vinafasi vingi.

Kuhusu kujaza: huko pwani sufi inapatikana, na najua mito mingi imejazwa kwa hiyo. Usiitumie hapa. Nyuzi zake ni fupi na zinateleza, hupenya kwenye mishono, na ukimfua paka hujikusanya mabonge. Tena hushika moto upesi sana. Chukua pamba ya polista ya mito, mpya, uichambue kwa vidole kabla ya kuiingiza. Vipande vya nguo kuukuu navyo vitaleta nundu. Kama unafuma sehemu ya rangi nzito, weupe wa pamba utaonekana hata kwenye kitambaa kilichobana vizuri. Hapo tia ndani kipande cha soksi ya nailoni ya rangi hiyohiyo, kisha jaza pamba ndani yake.

Nikupe vipimo vya paka mwenyewe. Kwa uzi na sindano niliyotaja atafika sentimita 10 hadi 12 bila masikio, akiwa ameketi. Kila kipande kinaanza na kitanzi kinachokazwa, siyo cheni zilizounganishwa, kwa sababu cheni huacha tundu katikati. Fuma kwa mzunguko usiofungwa, ukiweka uzi wa rangi nyingine mwanzoni mwa kila mzunguko ili usipoteze hesabu.

Kichwa kianzie utosini: mishono 6, kisha 12, 18, 24, 30, 36. Fuma 36 bila kuongeza kwa mizunguko 6. Halafu punguza: 30, 24, 18, na uishie hapo, tundu likiwa wazi. Unapopunguza, ingiza sindano kwenye vitanzi vya mbele tu vya mishono miwili inayofuatana, uifunge kwa pamoja. Upungufu hautaonekana, wala hautaacha tundu.

Mwili uanzie chini: 6, 12, 18, 24, 30. Mizunguko 5 ya 30. Punguza hadi 24, mizunguko 3. Punguza hadi 18, mizunguko 2. Acha wazi.

Sasa umeona ninachokifanya: tundu la kichwa ni 18 na shingo ni 18. Hapa ndipo kichwa chako kilipoinamia. Bila kumwona paka wako, naamini shingo yake ni ya mishono 12 au chini ya hapo, na pamba imeishia mabegani. Kichwa cha 36 juu ya shingo ya 12 hakiwezi kusimama, hata ukikishona mara tatu. Shingo iwe nusu ya mzunguko wa kichwa. Jaza mwili mpaka pamba ivimbe juu ya ukingo wa shingo, jaza kichwa, halafu shona mshono kwa mshono, 18 kwa 18. Zikibaki nafasi kama tatu, ongeza pamba kwa ncha ya penseli mpaka shingo yenyewe iwe ngumu. Zungushia sindano mara ya pili. Usitie kijiti wala waya ndani. Kijiti hutoboa kitambaa, na waya katika hewa ya chumvi ya Lamu utaota kutu na kutia doa la kahawia shingoni kabla hujapata mnunuzi.

Masikio ni ya bapa, hayajazwi: 4, 6, 8, 10, kisha yabane yawe na upana wa mishono 5. Usiyashone bado. Miguu ya nyuma: 6, 12, mizunguko 2 ya 12, punguza hadi 9, kisha mizunguko 10, jaza wayo tu, kwingine paache laini bila pamba. Mikono: 6, 9, halafu mizunguko 10 ya 9. Mkia ni mizunguko 14 ya mishono 6, bila pamba. Jambo moja kuhusu mzunguko usiofungwa: kwa anayefuma kwa mkono wa kulia, kila mshono hukaa kulia kidogo ya ule wa chini yake, kwa hiyo "katikati ya mbele" husogea kadiri unavyopanda. Usitafute mahali pa pua kwa kuhesabu kutoka mwanzo wa mzunguko. Mketishe paka, mtazame usoni, kisha weka pini.

Tukija kwenye nguo, nikwambie kwanza kwa nini kofia ya mdudu huwashinda wengi. Huifuma mviringo kutoka utosini, halafu hawajui masikio yatokee wapi. Wakiacha nafasi kwa kuruka mishono katika mzunguko, tundu linakaa kwa mwelekeo wa mbele kwenda nyuma, ilhali sikio la paka linataka tundu la kutoka utosini kwenda pembeni. Matokeo yake masikio huangalia kando kama ya mbuzi, au fundi hukata tamaa akayafunika. Paka asiye na masikio kwisha habari yake.

Ifume kofia bapa, kuanzia ukingo wa mbele. Cheni 28 na moja ya kugeuzia. Safu 2 za mishono 28. Safu ya 3: mishono 7, cheni 5 ukiruka mishono 5, mishono 4, cheni 5 ukiruka mishono 5, mishono 7. Safu ya 4 pita juu ya zote, pamoja na hizo cheni, upate tena 28. Endelea hadi safu ya 10. Kisha pitisha uzi kwenye safu ya mwisho uukaze ili nyuma ya kofia ijikunje na kushika kisogo. Matundu mawili yamelala vile masikio yanavyotaka, na ile mishono 4 katikati yake ndiyo makao ya vipapasio. Mvalishe paka kofia, weka pini kwenye matundu, mvue, na sasa ndipo ushone masikio kichwani. Ukianza na masikio, hutakuta kofia inayoyalenga.

Vipapasio vifupi husimama, virefu hulala. Cheni 6, rudi kwa mishono ya kuteleza kwa sindano ya 2, basi. Vya kipepeo huishia kwa kifundo, kwa hiyo kwenye cheni ya mwisho fuma mishono 3 iliyofungwa pamoja. Vya nyuki vimepinda katikati kama kiwiko. Unaweza kukishika kipinde hicho kwa mchomo mmoja wa uzi. Vya mdudu kibibi ni vifupi mno, cheni 3 zinatosha.

Vazi la nyuki nalo nalifuma bapa, kwa sababu mbili. Milia ikifumwa kwa mzunguko usiofungwa huacha ngazi pale rangi inapobadilika, na ngazi hiyo huhama kwenda kulia kila mlia. Kitambaa bapa hakina ngazi, na mshono wa kuunganishia unafichwa mgongoni chini ya mbawa. Ya pili ni ule ukingo wetu: kipande bapa kinachozungushwa mwilini, kama leso iliyofungwa kwapani, kinaonekana dhahiri kuwa ni nguo. Anzia chini kwa mishono 34, safu 2 za kahawia nzito, 2 za haradali, 2 za kahawia. Katika safu ya 7, ambayo ni ya haradali, punguza mishono 6 kwa nafasi sawasawa upate 28. Safu ya 8 haradali, ya 9 na ya 10 kahawia. Mwili una mishono 30 na nguo 34, kwa hiyo upindo wa chini utajitenga na mwili kidogo. Usiubane. Rangi ibadilishwe kwenye mvuto wa mwisho wa mshono uliopita, siyo mwanzoni mwa mshono mpya, la sivyo kila mlia utaanza na kijino cha rangi ya zamani. Ziunganishe ncha mbili mgongoni, ukiacha nafasi ya mkia kutokeza chini.

Mbawa za nyuki ziwe mbili tu, na dhamiri yako itulie. Nyuki ana mbawa nne, lakini zile za nyuma hujikamata kwenye za mbele kwa vikulabu vidogo sana, akiruka zinaonekana jozi moja. Kila ubawa: 6, 12, mizunguko 4 ya 12, punguza hadi 6, ubane bila pamba. Ushone kwa mstari wa upana wa mishono 3 au 4. Ubawa ulioshikwa kwa nukta moja utazunguka na kuning'inia. Usimwongezee paka miguu ifike sita. Mwili ni wa paka, na paka ana minne. Vile vijiguu vya ziada vya kuning'inia kwenye nguo huvutwa na watoto kabla ya kitu kingine chochote.

Mdudu kibibi ndiye rahisi kuliko wote, na kama ningekuwa wewe ningemfuma yeye kabla ya kurudi kwa nyuki. Fuma nusu duara mbili nyekundu, ukienda na kurudi: mishono 3, 6, 9, 12, 15, 18, 21. Zilaze mgongoni zikutane kwa pande zilizonyooka, uzishone juu tu, ili chini ziachane kidogo na vazi jeusi la ndani lionekane. Yule wa vitabu vya watoto, wa Ulaya na Asia, ana madoa saba: matatu kila upande, na la saba liko juu katikati, nusu yake kila ubawa. Hilo la katikati ndilo linalosahaulika, na bila hilo mgongo unaonekana kama kipande cha tikitimaji. Wengi wa mashambani kwetu wana mabaka na michirizi badala ya madoa yaliyopangika, ila wageni wako watamtafuta yule wa madoa. Darizi madoa hayo kwa uzi. Usibandike kwa gundi. Kofia iwe nyeusi yenye baka jeupe kila upande karibu na uso, kwa sababu ndivyo alivyo. Kwa mdudu huyu paka mweupe au kijivu hupendeza sana, lakini kabla hujaanza, lowesha kipande cha uzi mwekundu, ukikunje ndani ya kitambaa cheupe na ukikamue. Ukiona doa, uzi huo usikaribie paka mweupe.

Kwa kipepeo, mbawa ndizo zitakazobeba kila kitu, na zisizidi upana wa kichwa kwa mengi, la sivyo paka atalala chali. Watu hutia mchele au kunde kwenye makalio ya paka kuongeza uzito. Kwa unyevu wa pwani utapata ukungu na vidudu ambavyo hukuvifuma. Afadhali isogeze miguu ya nyuma mbele zaidi, paka aketi ameinyoosha, hapo haanguki. Nusu duara za safu 7 kwa mbawa za juu, za safu 5 kwa za chini. Rangi zichukue kwa kipepeo halisi: yule wa chungwa mwenye ncha nyeusi zilizotiwa vidoa vyeupe, au yule mweusi wa mabaka ya manjano ambaye viwavi wake hula majani ya mindimu na michungwa. Mstari mweusi wa ukingoni usiukose, ndio unaomtoa kwenye umalaika. Ukiwa na safari ya Malindi, pita Gede kwenye mradi wa Kipepeo. Tangu 1993 wakulima wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi huko, nawe utaona mbawa kwa karibu kuliko picha yoyote ya simu.

Uso nauacha mwisho kwa makusudi. Macho yakae chini, kati ya mzunguko wa 9 na wa 10, yakitengana kwa mishono 7. Pua ndogo ya waridi. Mdomo usiuchekeshe kwa tabasamu. Umewahi kumvisha paka nguo? Hukaa amenuna, kama mtu aliyealikwa harusi asiyoitaka. Mstari mmoja mfupi ulionyooka chini ya pua unatosha, na huo ndio unaowafanya watu wacheke na kutoa pesa.

Kuhusu macho ya plastiki: kwa mtoto wa chini ya miaka 3, usitumie. Washa ya nyuma, yaani kile kijiduara cha kulibana jicho kwa ndani, ikikazwa vizuri jicho halitoki kwa urahisi, lakini kitambaa cha kufuma hutanuka, na mtoto anayetafuna huweza kulipitisha jicho zima na washa yake. Wapimaji wa vifaa vya kuchezea hutumia silinda ndogo yenye kipenyo cha milimita 31.7, chochote kinachotumbukia humo chote kinahesabiwa kuwa hatari ya kumkaba mtoto wa umri huo. Jicho la plastiki hutumbukia. Vifungo hutumbukia. Kipapasio kilichong'oka hutumbukia. Darizi macho kwa nyuzi, na kipapasio kipitishe mkia wa uzi ndani ya kichwa, kitokee upande wa pili, kifungwe, kirudishwe tena. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 71 huzivuta sehemu zinazozidi milimita 6 kwa nguvu ya nyutoni 90, ambayo ni kama uzito wa kilo 9. Sikwambii umtundikie paka ndoo ya maji, ila vuta kipapasio kwa nguvu zako kabla mtoto hajakivuta kwa zake. Mgeni akinunua mmoja kwenda naye kwao, hiyo ni zawadi yake. Lakini siku duka la Ulaya likikuagiza kwa jumla, watataka alama ya CE, ile ya kuonyesha kwamba bidhaa imetimiza kanuni za Ulaya, na hapo vipimo hivyo vinakuwa vya lazima.

Kwa hiyo nguo: paka wa mtoto mdogo, kila kitu kishonewe, kofia ishikwe kwa mishono michache kwenye taya, ncha za uzi zisining'inie, wala pasiwe na kamba ya kufunga shingoni. Paka wa watoto wakubwa na wa wageni, vazi na kofia vivulike; vazi lifungwe mgongoni kwa kifungo cha kufuma na kitanzi cha cheni 5, na mbawa zishonewe kwenye vazi, siyo kwenye paka. Hapo paka mmoja anaweza kuuzwa na mavazi matatu, na mnunuzi akirudi mwakani umuuzie la nne. Watenge kabisa hao wa aina mbili kwenye meza yako, na yule wa nguo za kuvuliwa uandike kwenye kikaratasi chake kwamba si wa mtoto wa chini ya miaka 3. Mzazi aliye na haraka hataliuliza.

Panzi na vunjajungu waache kwanza. Ukifika kwao, mfume paka wa kahawia, kijani kiwe kwenye kofia na mgongoni tu, tumbo libaki la paka.